Birika la Marehemu Mama Mkwe Linakoroma

Mjomba Tore mpendwa, naomba unisaidie kabla sijafungasha virago nirudi kwetu Bolzano, maana mimi ni mtu wa kaskazini mwa Italia niliyeolewa hapa Napoli, na kwetu chombo kikichafuka kinaoshwa, sikujua kwamba birika la kahawa la marehemu mama mkwe wangu, Nunziata, halikuwahi kuguswa na sabuni tangu aolewe, ni kusuuzwa kwa maji tu, basi baada ya misa ya kutimiza mwezi tangu afariki nikaliona ndani jeusi kama dohani, nikalisugua kwa sabuni na nyuzi za chuma mpaka likang'aa, nikidhani namfurahisha mume wangu Catello, kumbe alionja kahawa yake, akatema kwenye sinki, akaniambia taratibu, “Umemsugua mama ukamtoa humu ndani,” na tangu hapo analala kwa dada yake, mimi nimebaki na birika, na usinicheke Mjomba, linakoroma, kwanza lilikoroma likiwa motoni, pumzi ileile ya mama mkwe siku zake za mwisho, nikajikaza, lakini Jumapili namenya vitunguu, jiko limezimwa, birika halina hata tone la maji, likakoroma, na jikoni kukanukia mafuta yake ya nywele. Nilitupe, nimwite padri, au nimsahau mume?

Ortensia, mtaa wa Sanità

Ortensia binti yangu, nilicheka, kisha nikaacha kucheka.

Nyuzi za chuma! Hapa kwetu hata anayemchukia mama mkwe hutumia njia za upole zaidi. Ule weusi ndio uliozuia kahawa isiwe na ladha ya bati. Ila na Nunziata, Mungu amrehemu, naye alizidi: kukwepa sabuni si kukwepa kulisafisha.

Lifungue katikati kwa kulizungusha, nusu ya juu itoke. Mpira wa shingoni umekauka, mvuke unapenya pembeni, ndio mkoromo wa motoni huo. Nunua mwingine. Kile kitufe cha ubavuni kinachotoa mvuke ukizidi, kisukume uone kama kinacheza. Kikizibwa na ukoko mweupe wa chumvi ya maji, birika litakupasukia usoni, nawe utaonana na mama mkwe ana kwa ana. Chemsha humo maji yenye siki kidogo, mwaga. Kisha pika kahawa mara kadhaa, yote umwage, hata ukiionea uchungu. Baada ya hapo maji matupu, na likauke likiwa wazi.

Huo mkoromo wa bila moto, mpira hauhusiki. Padri atakunywea kahawa yako aende zake. Na usilitupe, mwanangu. Mama mkwe asipokuwa na birika atakoromea wapi, kwenye mto wako?

Mfuate Catello leo. Habari za sabuni ziache, mwambie tu, “Mama yako anakuja kwangu, kwako haji.” Atarudi mbio, wivu wa watoto wa kiume wa mji huu naujua, mimi ni mmoja wao. Kahawa apike yeye. Likikoroma, asikimbie mtu. Mimina vikombe vitatu, cha tatu kitie sukari alivyopenda marehemu, kisha vuteni viti mkae nyote watatu.