Siku Niliyofurahia Kifua Kikuu

Mjukuu wangu Zaina,

Hapa Kimironko sote wazima, na bibi yako anakusalimu sana. Umeandika kwamba tumbo linakusumbua na unaogopa kupimwa, tena umeuliza ilikuwaje nikashangilia kuambiwa nina kifua kikuu.

Nilikuwa karani kijana mtaani Muhima. Tumbo liliniuma, nikakonda, nikaamini ni saratani. Nilipoenda hospitali hatimaye, daktari akauliza nakunywa maziwa gani. Nikajisifu, "Mabichi, daktari! Mjomba anasema yakichemshwa, ng'ombe wake atakauka maziwa."

Akaweka kalamu chini. Wakachukua kipande kidogo cha utumbo, wakakipima.

"Ni kifua kikuu cha utumbo," daktari akasema, "umekipata kwenye hayo maziwa mabichi. Meza dawa miezi sita, utapona."

Nikaruka kwa furaha, kumbe si saratani! Muuguzi akacheka, "We karani, hapa watu hulia!"

Zaina, nenda ukapimwe hilo tumbo. Mimi nilipoteza miezi minne nikiogopa ugonjwa ambao sikuwa nao.

Babu yako,
Idi