Miche Iliyokulia Kivulini

Jumatatu, 3 Februari
Nimemwagilia miche ya mikoko, nikang'oa magugu. Peke yangu. Kadzo yuko Kaloleni kumzika babake. Kitalu hiki cha Gongoni tulikianza pamoja, na leo kimenielemea. Alipoondoka alinishika mkono: "Dada Mwanaisha, kivuli usikitoe kwa pupa. Punguza makuti kidogo kidogo, miche ilizoee jua."
Majani yanapendeza. Mapana, laini.

Alhamisi, 6 Februari
Nimepata wazo. Nitaipanda yote kabla hajarudi. Atoke matangani akute ufuo umejaa mikoko. Msiba siwezi kumwondolea. Kupanda naweza.

Jumapili, 9 Februari
Tumepanda, mimi na binti zangu. Nyuma ya mashamba ya chumvi, mahali peupe kabisa. Mgongo unauma. Nina furaha.

Jumatano, 12 Februari
Majani yameungua. Kingo kahawia, katikati meupe. Jani la kivulini hutanuka kutafuta mwanga, likawa jembamba kama karatasi. Halina kinga ya jua kali wala chumvi. Nilijua. Hilo ndilo linaloniuma. Nilijua, nikafanya haraka.

Ijumaa, 14 Februari
Kadzo amerudi. Alipita ufuoni kabla sijamwambia.
"Ungeningoja, dada."
"Nilitaka kukufurahisha."
Akageukia upande wa ufuo. Kisha: "Mbegu za miche ile aliniokotea baba, alipokuja mara ya mwisho."
Sikujua. Wallahi sikujua. Akasema si neno. Ni neno. Uso wake nimeuona.

Jumanne, 25 Februari
Kadzo haji kitaluni. Nimeenda kwake kumjulia hali. Kanikaribisha, kanipa chai, kauliza habari za watoto. Mikoko hakuitaja. Majani yote yamepukutika, vimebaki vijiti. Heri angenitukana.

Jumapili, 16 Machi
Nimefunga, kiu kali. Nimeshuka ufuoni asubuhi maji yakiwa yametoka. Miche mingi imekufa. Michache imechipuka, na majani mapya si kama yale ya kwanza: madogo, manene, magumu ukiyagusa, yamesimama wima kulikwepa jua. Yaliyoungua hayakubadilika. Yalianguka, yakaota mengine yanayopaweza mahali hapa.
Kadzo alikuwa ameshafika. Ameinama, anaondoa mwani uliojisokota kwenye vijiti. Hakuniita. Nikashika mstari wa pembeni yake. Tulifanya kazi mpaka maji yakaanza kujaa, kisha tukarudi kwa njia moja.