Kwa Mama Mkwe Aliyemwamsha Mwajuma

Mama mkwe wangu mpendwa,

Huku Buyenzi wananiita Mzee wa Bahati, na sikulitafuta jina hilo. Mwanaume gani mwingine, Bujumbura nzima, risasi zinalia, aligeuza macho mara moja tu kumtazama mtoto wake wa siku kumi na mbili na hapohapo akajua kwamba ana njaa? Ni mimi! Jicho la fundi. Injini ikikohoa kule mtaa wa Kigobe, mimi huku nimeshashika spana. Hivyo ndivyo ninavyowasimulia pale gereji kila mtu anapopata mtoto, nao wananipisha kwenye kiti.

Sasa mke wangu Zainabu amejifungua tena, mtoto wa kiume, na wageni wanataka nisimulie. Jana nilianza. Nikafika katikati, nikamwona binti yako ananitazama. Nikatoka, nikatafuta daftari. Najua hutanijibu, mwaka wa tatu huu uko kaburini Kanyosha, lakini nakuandikia hivyohivyo, kwa Kiswahili changu cha darasa la tano.

Mwajuma alipozaliwa ulitakiwa uje ukae naye arobaini, kama ilivyo kawaida yetu. Vita vikafunga barabara ya kutoka kwako Kanyosha. Tukabaki wawili na kitoto, godoro tumelishusha chini, mbali na dirisha, na mimi nikajifanya mkunga. Kikianza kujinyonganyonga na kuramba midomo, nakipapasa mgongo na kuimba mpaka kinalala. Kikitafuna ngumi, nakifunga kitenge hadi kidevuni, mikono ndani. "Mtoto wa vita lazima ajue kunyamaza," nilisema. Zainabu akiuliza, "Si nimunyonyeshe?" namjibu, "Ngoja alie kwanza. Mwenye njaa si analia?" Siku ya kumi akaacha kulia kabisa. Nikamtangazia jirani juu ya ukuta: mtoto wangu halii, hakojoi ovyo, nepi mbili tu kutwa, sabuni inabaki!

Asubuhi ya siku ya kumi na mbili ukapiga hodi. Ulikuwa umekuja kwa miguu, vichochoro kwa vichochoro, kapu la mboga za lengalenga kichwani kama mtu anayekwenda zake sokoni. Mimi, mkwe mwenye adabu, nikakimbilia upande wa pili wa rido, pazia letu la chumbani. Mkwe atakaaje chumba kimoja na mama mkwe, na mke ameweka kifua wazi?

"Nepi za mutoto ziko wapi?" uliuliza.

"Ni hizo mbili, mama. Mtoto msafi huyo."

Nikasikia unafungua kitenge.

"Ameacha kulia tangu lini?"

"Siku mbili, mama. Ana nidhamu kama baba yake."

"We mukwe, njoo hapa."

"Apana, mama, heshima..."

"Heshima ibaki inje! Njoo uone mutoto yako anakufa na njala!"

Nikafunua rido. Ulikuwa umemlaza uchi juu ya kifua cha Zainabu. Miguu yake ilikuwa kama vidole vyangu, ngozi ya paja imelegea kama soksi ya mtu mwingine. Ukamsugua unyayo, hakushtuka. Ukamgusisha chuchu mdomoni, mdomo ukabaki wazi tu. Upande wa kusini bunduki zilianza.

"Maziwa yangu yamekauka, mama," Zainabu alilia. "Ni woga."

"Hayajakauka. Hakuna mutu anayeyaita."

Ukamkamua maziwa kidogo ndani ya kikombe cha kahawa, ukanipa mimi kijiko. Mimi! Mkono huu unaobeba giaboksi ulimwaga tone la kwanza shingoni mwake.

"Pole pole. Ngoja ameze," ulisema. Halafu, bila kupandisha sauti: "Kikombe ikiisha na hajanyonya, namufunga mugongoni naenda naye hospitali. Kama ni kunipiga risasi, wanipige."

Barabara ya hospitali, kule zilikolia bunduki, niliijua. Wewe pia uliijua, ndiyo kwanza umetoka huko.

Tone la pili likamwagika. La tatu vilevile. La nne sikujua. La tano nikaona koo linasogea. Nikaendelea, jasho linanitoka, kikombe kinapungua, wala sikuthubutu kuangalia kimebaki kiasi gani. Ndipo ulimi ukatokeza, mdogo kama wa paka. Ukanishika kidevu (mama mkwe, kunishika kidevu!) ukanigeuza uso.

"Angalia! Ulimi. Sasa kichwa inatafuta ziwa. Sasa ngumi inakuja kinywani. Ni hapo anasema. Kulia ni mwisho, baba, ni wakati amechoka kusema."

Zainabu akamweka kwenye ziwa. Akanyonya, akaacha, akanyonya tena. Nilisikia anameza. Nikakaa sakafuni, nikalia kwa sauti.

"Na huyu naye ana njala?" ukauliza.

Ulikaa wiki tatu. Hukumwacha alale moja kwa moja, unamfunua, unamchezea unyayo, "Amuka, Mwajuma, chakula iko tayari." Siku uliyoondoka, kamba ya nepi ilivuka uwanja mzima.

Leo asubuhi huyu mdogo wake aliramba midomo. Hakulia. Nikamwita Zainabu, akaja, akanyonyesha. Mwajuma, ambaye meno ya mbele yameng'oka na mdomo haufungi, akauliza mbele ya wageni wote: "Baba, ulijuaje?" Nikainuka, nikarudi kwenye daftari hili.

Pumzika, mama. Sikuja kukuzika. Barabara ilikuwa imefungwa tena, na mimi sikuwa na miguu kama yako. Nikimaliza barua hii nawaita wote ndani, Mwajuma mbele, niwaambie wewe ulikuwa nani.

Sikuwa na bahati wala jicho. Mtoto alikuwa anasema njaa, na mimi ndiye niliyekuwa namnyamazisha.

Mkweo,
baba yake Mwajuma