Namba Kwenye Mlango wa Pikapu

Shamba la Kucera,
Hradek, Iowa.
Jumapili, 1 Februari 2026

Mpendwa Garrett, mwanangu,

Hamjambo huko Yokosuka, Japani? Naomba barua hii iwakute wazima, wewe, Rosalind na huyo bibi mdogo Hattie, ambaye naambiwa ameota meno mawili na tayari anayatumia kwa watu. Kifua cha Rosalind kimepoa? Mwambie aachane na dawa za chupa, achemshe maji na kujifukiza. Mimi sijambo, isipokuwa goti langu, linalolalamika tangu Krismasi na ambalo nimeacha kulisikiliza. Baba yako hajambo. Nguruwe wake pia hawajambo, na kusema kweli wao huulizwa hali kila asubuhi kabla yangu.

Baridi ya mwaka huu haina adabu. Maji ya mifugo yanaganda usiku kucha, na kukicha baba yako, kaka yangu huyo, anatoka na shoka kuyavunja, hataki kusaidiwa. Yule mbwa wenu mzee, Biskit, sasa analala ndani, karibu na jiko. Baba yako anasema hajui nani alimruhusu. Tupo wawili tu nyumbani, na mimi sikumruhusu.

Utajiuliza kwa nini naandika kwa mkono wakati kila Jumapili tunaonana kwenye simu. Kwenye simu baba yako anakuwa begani kwangu, na Tate akiwepo naye anachungulia. Haya ninayotaka kukwambia yanamhusu huyo mdogo wako, na sitaki mtu mwingine ayasikie kabla yako. Kaa chini kwanza. Yupo hai na anatembea, kwa hiyo usikimbilie kupiga simu kabla hujamaliza kusoma.

Unakumbuka picha tulizokutumia Agosti, Tate akipeana mkono na Duane Prohaska wa pale mkahawani. Mkataba wenyewe ulifanyika kwenye maonyesho ya kilimo, mezani, watu wakila mahindi. Siku hizi wanamichezo wa chuo wanaruhusiwa kulipwa kwa matangazo, na Duane akataka awe wa kwanza kumchukua Tate kabla watu wa mjini hawajamwona. Masharti yalikuwa mepesi. Kila Alhamisi mpaka mwisho wa Machi, Tate anakaa pale dirishani kwa Duane, anakula sandwichi moja nzima mbele ya kamera, ile ya nyama ya nguruwe ya kukaanga inayotoka nje ya mkate pande zote, na video inawekwa mtandaoni. Yeye analipwa kila mwezi na anapewa pikapu mpya, nyekundu, ya kutumia. Mlangoni wakachora sura yake, jina lake na namba 133, uzito anaopigania mieleka, kwa ratili. Baba yako alilia alipouona mlango ule. Mimi nililia pia, lakini hilo usimwambie mtu.

Garrett, sisi ni watu wa mieleka. Hapa Hradek hakuna nyumba isiyo na mizani bafuni na kijana aliyewahi kutembea na chupa akitema mate siku nzima ili apungue. Duane mwenyewe alipigana mieleka shuleni, na enzi hizo alikuwa mwembamba, ingawa sasa huwezi kuamini. Lakini ilikuwa Agosti, na Agosti vijana wa mieleka wanakula kama watu wengine. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza Alhamisi ya Januari itakuwaje. Tena Duane aliichagua Alhamisi kwa makusudi, ili Kwaresima ikifika nyama isiangukie Ijumaa ya mfungo, na sisi tukamsifu kwa uchaji wake. Hatukukumbuka kwamba mashindano ya chuo mengi ni Ijumaa, na kwamba mpiganaji anapanda mizani saa moja kabla ya kuingia ulingoni.

Mambo yakaharibika taratibu. Huyo mdogo wako bado anakua. Sasa anamwangalia baba yenu kwa juu, na mabega yake hayaingii kwenye lile koti lako ulilomwachia. Krismasi alikuja mashavu yamebonyea, akala kipande cha bata mzinga ambacho paka angekirudisha. Nilipomuuliza, akaniambia chuoni kuna mtaalamu wa chakula anayemwangalia. Nikaamini, kwa sababu nilitaka kuamini.

Siku moja nilimuuliza kwa nini asiiteme hiyo nyama kamera ikizimwa. Akasema watu wa mtandaoni wanaangalia mpaka tonge la mwisho. Aliwahi kubakiza nusu, na kesho yake wakaandika kwamba chakula cha Prohaska kimemshinda hata kijana wake mwenyewe. Duane alicheka, lakini Tate aliona aibu kwa niaba yake, na tangu siku hiyo akawa anamaliza.

Sasa sikiliza. Alhamisi ya wiki mbili zilizopita alimaliza kula, akaaga, akashika njia ya kurudi chuoni. Ilikuwa jioni, bado kuna mwanga, barabara kavu. Hakufika hata darajani. Alitoka barabarani akaingia mtaroni. Aliyemwona alimpigia Duane, maana sura ya mlangoni ni ya mkahawa wake. Duane akachukua trekta la jirani, nami niliyekuwa pale mkahawani nikinywa kahawa nikapanda naye, goti na yote.

Duane ndiye aliyefungua mlango. Joto lililotoka mle ndani lilinipiga usoni. Hita imewashwa mpaka mwisho, vioo vimefungwa, na Tate yumo ndani ya nguo ya plastiki, juu yake sweta mbili, chupa ya mate pembeni. Hakuumia. Alikuwa amezirai kwa muda mfupi, na alipotuona akaanza kuomba msamaha kwa ajili ya bampa. Duane aliitazama ile nguo, akautazama mlango, akasema, "Tangu lini umegeuza gari langu bafu la mvuke?"

Tate akamjibu, "Tangu Novemba. Wewe unanilisha Alhamisi, kocha ananipima Ijumaa. Ulitaka nizitoe wapi hizo ratili, Duane?"

Alisema bila hasira yoyote, kwa sauti ya mtu anayeelekeza njia, na hilo ndilo lililomvunja Duane. Alikaa chini kwenye theluji na aproni yake. Ilitubidi mimi na mgonjwa tusaidiane kumwinua.

Nguo za namna ile za kutoa jasho zimepigwa marufuku vyuoni, wewe unajua kwa nini: vijana walikufa ndani yake. Kocha akisikia, Tate yuko nje ya timu. Kwa hiyo tumenyamaza wote watatu, na sipendi hata kidogo kuwa na siri na Duane Prohaska, kwa sababu uso wake hauwezi kuficha hata bei ya supu.

Duane alitaka kuuvunja mkataba siku ileile. Tate akakataa, kwamba alishampa mkono. Baba yako tulimwambia habari za mtaro na za kula, si za ile nguo, naye akasema mtu wa ukoo wa Kucera hampi mtu mkono halafu akaurudisha. Walinichosha wote watatu. Mwishowe Duane akapata wazo kwamba Tate aendelee kutokea kwenye kamera, ila awe anaandaa meza tu, na mlaji awe mtu mwingine. Wakanitazama mimi.

Basi mwanangu, shangazi yako sasa ni msanii. Nimeshakula mara mbili. Wiki iliyopita nilikuwa Waterloo kununua uzi, mwanamke nisiyemjua akanishika mkono na kuniuliza kama mimi ndiye shangazi wa sandwichi. Duane anasema wateja wameongezeka. Baba yako anasema natafuna kama mtamba aliyekosa usingizi. Vifungo vya koti langu vina maoni yao pia, lakini nilidhani nimemwokoa mtoto, na kwa hilo ningekula hata mbili.

Sikumwokoa. Alhamisi hii, kamera ilipozimwa, nilimsindikiza mpaka kwenye pikapu nikaiona ile nguo ya plastiki nyuma ya kiti, imekunjwa vizuri. Nikamwambia, "Tate, wewe huli tena. Hiyo ya nini?"

Akaweka kiganja pale mlangoni, juu ya namba. "Shangazi, mimi ni mia moja thelathini na tatu. Imeandikwa. Nikipanda daraja la mia moja arobaini na moja, huyu hapa atakuwa nani?"

Nikamwambia rangi inafutika, Duane atapaka nyingine. Akatabasamu lile tabasamu lenu la kuwatuliza wanawake wazee.

"Garrett alishusha uzito miaka yote ile na hakuna aliyemwonea huruma," akasema. "Yeye alichoka tu, akaenda zake baharini na wanamaji. Mimi sijachoka."

Kwa ajili ya maneno hayo nimekaa hapa na kalamu. Anaamini ulichoka. Baba yako anaamini hivyo pia. Ni wewe na mimi tu, na Rosalind bila shaka, tunaojua uliyonieleza kwenye ngazi za nyuma asubuhi ile kabla hujaondoka: damu kwenye mkojo, alichokwambia daktari kuhusu figo lako, na kwamba ulipigana mwezi mzima baada ya kuambiwa. Uliniomba ninyamaze, nami nimenyamaza. Hata siku baba yako alipowaambia watu mlangoni mwa kanisa kwamba mwanawe mkubwa alikata tamaa, nilinyamaza, ingawa nilimwonyesha kwa chakula cha jioni kwamba sijapendezwa.

Sitamwambia Tate. Hilo jambo si langu, ni lako, na hata nikisema mimi atalisikia kama anavyosikia utabiri wa hali ya hewa. Wewe ukisema, atakaa chini. Tangu akiwa mdogo alikuwa anavaa viatu vyako vya mieleka, na miguu yake ikiwa midogo alijaza soksi. Kila anachofanya ndani ya gari lile alikuona wewe ukikifanya ndani ya gereji yetu. Silaumu mtu, Garrett. Nasema tu kwamba alijifunza kwako kila kitu isipokuwa mwisho wake, kwa sababu mwisho hukumwonyesha.

Kocha wao atapeleka majina na uzito wa kila mpiganaji mwishoni mwa mwezi huu, na mashindano makubwa ni mwanzo wa Machi. Kocha mwenyewe ameshamwambia mara mbili kwamba kuna nafasi kwenye mia moja arobaini na moja. Kwa hiyo ni suala la Tate kukubali. Mpigie Jumatano, anakuwa chumbani peke yake. Mweleze yote, na yale mabaya pia.

Najua ninachokuomba. Akijua Tate, baba yako atajua, maana Tate hawezi kumficha jambo zito. Itamuuma, na pengine atakaa siku kadhaa bila kusema na mtu, atazungumza na nguruwe. Lakini nikuambie kitu usichokijua: viatu vyako vya mieleka bado viko kwenye stoo ya vifaa, juu ya msumari, na kila vuli anavipaka mafuta. Mtu hapaki mafuta viatu vya mtoto anayemdharau.

Ukiona huwezi, sitakupunguzia upendo. Nitakasirika, nitakuandikia barua nyingine mbaya kuliko hii, lakini mapenzi yatabaki palepale.

Duane amenunua kopo la dawa ya kuondolea rangi. Liko pale kaunta karibu na chumvi, na watu wakimuuliza la nini anasema lina mwenyewe. Anaogopa kuugusa mlango mpaka Tate atamke.

Msalimie Rosalind sana, umwambie soksi za Hattie ziko njiani na kama ni kubwa asubiri. Mbusu Hattie kwenye hayo mashavu. Baba yako anakusalimu bila kujua, maana nimemwambia naandika mapishi. Tate angekusalimu kama angejua. Duane anakusalimu kwa machozi, analia kwa kila kitu siku hizi. Mungu akulinde juu ya maji na chini yake, akufikishe kwetu salama, na akupe maneno siku ya Jumatano.

Wako akupendaye bila kukupima,

Shangazi Verlene

N.B. Nilisahau. Siku ile ya maonyesho, kabla ya mkataba, vijana walimpandisha Tate kwenye mizani ya nguruwe kwa utani, na mimi ndiye niliyesoma: mia moja arobaini na nane. Alikuwa na siagi ya mahindi kidevuni, anacheka mpaka mizani inatikisika. Sijamwona akicheka vile tena.