Gari Nimeuza, Kamba Nimerudi Nayo

Tata wangu,

Kwetu Kanja kila shangazi ni tata, lakini mtu akisema "Tata" peke yake, bila jina, kila mtu alijua ni wewe, dada ya baba, yule wa mbuzi. Nakuandikia kwa Kiswahili ingawa mimi na wewe tuliishi kwa Kiembu. Ulikuwa ukisema Kiembu ni cha kugombania nyumbani na Kiswahili ni cha kuuzia Meru. Barua hii ina habari za kuuza, kwa hiyo utanisamehe.

Kamba yako iko salama. Naanza na hilo kwa sababu najua ungeliuliza kabla hata hujauliza kama nimekula. Inaning'inia kwenye msumari katika kibanda changu hapa Kinoru, mjini Meru, si mbali na uwanja wa mpira, na bado inanuka beberu. Wateja wakikunja pua wanaangalia magari. Sijawasahihisha.

Unakumbuka siku za soko Gachoka? Tulitoka Kanja na baridi, mimi nimevaa masweta mawili na usingizi, na kufika huko chini jua la Mbeere likatuvua yote. Ulipenda kununua kiangazi, majani yakiwa yameisha na wenye mbuzi wamechoka kuwatazama wakikonda. Wenzako waliwakimbilia wale wachache waliokuwa bado wanang'aa. Wewe uliwapita kama hukuwaona.

"Mbuzi mnene ni wa kuangalia," uliniambia. "Mwembamba ndiye wa kununua."

Na hata huyo mwembamba hukumwangalia kwanza. Ulimwangalia mwenye mbuzi. Ulimsalimu, ukauliza habari za watoto, ukauliza mvua, halafu ukauliza, "Kwa nini unamuuza?" Baada ya hapo ukanyamaza. Kunyamaza kwako kulikuwa kazi nzito, Tata. Mimi mwenyewe, niliyekuwa sina mbuzi wala kosa, nilitamani kukiri kitu. Mtu alianza na karo ya shule, akakohoa, akaangalia viatu vyake, na mwisho akasema: anakohoa usiku, au anakataa kunyonyesha, au ameruka ua wa jirani mara nyingi mno. Hapo ndipo ulipoinama kumshika mbuzi mgongo na kumfungua mdomo, ukijua tayari unatafuta nini.

Tukimpeleka nyumbani alikula majani ya ndizi, maganda ya viazi na kelele zako, na mwaka ukielekea Krismasi alipanda Meru akiwa na kitambi kama mwenyekiti wa ushirika. Huko ulifanya jambo ambalo wafanyabiashara wenzako waliona ni wazimu. Ulimwambia mnunuzi kilema cha mbuzi kabla hajauliza.

Nilidhani ni wokovu. Ulicheka mpaka ukashika mbavu. "Wokovu gani? Kilema nikikitaja mimi, kina bei yangu. Akikiona yeye, kina bei yake."

Halafu kamba. Mnunuzi akishika mbuzi, wewe ulifungua kamba shingoni, ukaikunja, ukaitia begani, na huyo akatafuta yake. Mbuzi ameenda, kamba imerudi, boma halibaki tupu. Siku moja mwenye hoteli mmoja pale Meru aling'ang'ania. Alisema amelipia mbuzi mzima, kamba ni sehemu ya mbuzi. Wewe ulimrudishia pesa zake mkononi, taratibu. "Mbuzi nilikuuzia. Kamba naenda nayo." Tulirudi Kanja na beberu yule yule, sote watatu tukiwa na njaa. Nilikasirika njia nzima. Beberu ndiye pekee aliyeonekana kuridhika.

Biashara hii ya magari ninayofanya ulinipa wewe, ingawa hukukusudia. Hukupenda kukaa mbele kwenye gari. Ulikaa nyuma ya pikapu na mbuzi, ukisema dereva anajua usukani tu, sisi wa nyuma ndio tunajua barabara. Siku moja tulipobebwa na pikapu nzee iliyokuwa ikipiga chafya kila kilima, dereva akiitukana kama mke wa pili, wewe uligonga bati lake na kusema, "Huyu si mgonjwa. Amekosa tu mtu wa kumnenepesha." Ukalala. Mimi sikulala. Nilianza kuhesabu magari yaliyosimama kwenye maboma ya watu tuliyopita, yamefunikwa na magunia, yanasubiri mvua isiyokuja.

Ulipotuacha, ndugu walikaa kugawana. Shamba lina wenyewe, sufuria kubwa ilikuwa na wagombea wengi, na mimi nikapewa mbuzi na kamba, kwa sababu wewe ndiye uliyenilea na kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kuchunga. Baba mkubwa, kaka yako, alisimama akasema nizae nao vizuri. Alimaanisha mbuzi wazae. Watu walicheka msibani, jambo ambalo ungelipenda.

Niliwauza wote, Tata. Nakuambia mwenyewe kabla hujasikia kwa wengine. Niliwauza wakiwa wanono, nikarudi na kamba, nikashuka Gachoka na kununua gari.

Lilikuwa Toyota ya zamani, ile ndefu ya nyuma wazi, nyeupe chini ya vumbi. Lilikuwa la karani mstaafu, na kuku alikuwa amelalia mayai kwenye kiti cha abiria. Nilimsalimu mzee, nikauliza habari za watoto, nikauliza mvua. Kisha nikauliza, "Kwa nini unaliuza?" na nikafunga mdomo. Alisema hana nguvu za kuendesha. Nikanyamaza. Alisema mafuta yamepanda. Nikanyamaza. Kuku naye akanyamaza. Mwishowe akajikuna shingo akasema, "Liliwahi kulala ubavu kidogo. Pale kwenye mto mkavu, kijana wangu akiliendesha."

Gari halilali kidogo, Tata. Likilala, limelala. Lakini nilijua sasa pa kuinama. Mlango wa kulia ulikuwa umepondeka na kunyooshwa na mtu mwenye haraka. Chini, chasisi ilikuwa safi kama sahani. Magari yetu ya mlimani kutu ya ukungu huyala kutoka chini ukiwa unayapigisha rangi juu. Jua la Mbeere hupasua dashibodi tu, na dashibodi hufunikwa kwa kitambaa.

Tulilivuta mpaka Kinoru kwa mnyororo wa fundi Muriuki, mwenzangu wa kazi, kijana anayejua injini na hajui kunyamaza. Kamba yako haingevuta hata baiskeli, lakini niliifunga kwenye bampa ya mbele pia, kando ya mnyororo.

"Boss," Muriuki akasema, "hiyo inasaidia nini?"

"Inasimamia."

Baba mkubwa alipopata habari alinipigia simu. "Wenzako wanaolewa, wewe umebadilisha mbuzi walio hai na gari lililolaliwa na kuku. Lisipouzika, utamwambia nini marehemu?" Hilo ndilo swali nililokuwa nikilala nalo. Mbuzi wako wote walikuwa ndani ya gari lile. Likikataa kutoka, basi ningekuwa nimekuzika mara ya pili, na safari hii bila watu kucheka.

Tulilinenepesha. Tulisafisha kabureta, tukabadilisha klachi, tukashona viti, tukaunyoosha mlango tena, polepole, na kulipiga rangi. Liliacha kukohoa. Muriuki alizunguka mlango wa kulia akautazama na kusema, "Akikuja mteja, nyamaza. Rangi ishaongea." Kamba ilikaa bampani muda wote huo, kama gari lingeweza kutoroka.

Mteja alikuja. Mama Kendi, mwanamke anayekusanya maziwa kwa wakulima huko juu, mchache wa maneno. Aliliendesha, akalipakia mitungi yake mitupu kupima nafasi, akasema atarudi. Alirudi na pesa na mzee wa kanisa lake, kwa sababu huku gari halivuki lango la mtu bila kuombewa. Tulipatana. Mzee akavua kofia. Na mimi, kwa furaha, nikafanya ujinga ambao wewe usingefanya: nikainama mbele yao wote, nikafungua kamba, nikaikunja na kuitia begani.

Mzee akavaa kofia tena.

"Wewe msichana. Hiyo kamba ni ya nini?"

Nilimweleza. Mbuzi, shangazi, boma lisibaki tupu. Nilipokuwa nikieleza niliona jinsi inavyosikika. Nyumbani ni desturi. Mbele ya mtu aliyekuja na Biblia, asubuhi, kwenye uwanja wa magari, inasikika kama kitu kilichofungwa na mganga.

"Kwa hiyo gari linakuja na sisi na baraka yake inabaki begani kwako," mzee alisema. Hakuwa mkali, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mama Kendi, hapana. Kamba ichomwe hapa, tuombe, tuondoke. Ama tuondoke tu."

Muriuki alinivuta kando. "Kuna kamba ingine kwa kibanda. Wape hiyo wachome. Ni kamba, boss. Nani atajua?"

Nilifikiria, Tata, siwezi kukuficha. Kamba ya kibandani ilikuwa mpya, nzuri zaidi, hata ingewaka vizuri. Hakuna ambaye angejua. Lakini nilimkumbuka yule beberu tuliyerudi naye, na jinsi ulivyotembea mbele yangu na tumbo tupu bila kugeuka. Wakati ule nilidhani ulikuwa mkaidi. Pale Kinoru nikaelewa kwamba ulikuwa umeamua tu, na mtu akishaamua hana haja ya kugeuka.

"Mzee," nikasema, "gari nauza. Kamba naenda nayo." Na kwa kuwa biashara ilikuwa inakufa, nikaona ife ikiwa nzima. "Na kabla hamjaenda, mlango wa kulia ulishapondeka. Gari hili liliwahi kulala mtoni, huko Mbeere. Inameni muone."

Muriuki alikaa chini juu ya tairi, akajifunika uso.

Mama Kendi aliinama. Alipitisha vidole chini ya mlango, akagonga, akasikiliza. Akainuka na kujipangusa mikono, akaniangalia mimi badala ya gari.

"Kwa nini unaliuza?" akauliza.

Halafu akanyamaza.

Tata, nilijua kabisa ninafanyiwa nini. Nimekua ndani ya kunyamaza kule. Nilisema naliuza kwa sababu ni biashara. Alinyamaza. Nilisema nataka kununua lingine. Alinyamaza. Na mimi niliyejidhani mjanja nikajikuta nikimwambia kila kitu: kwamba gari hili ni mbuzi wa shangazi yangu, kwamba niliwamaliza wote, kwamba kama gari hili halitoki sina cha kuonyesha kwamba aliwahi kunilea, isipokuwa kamba, na ndiyo maana siwezi kuiacha ichomwe na watu wasiomjua.

Mama Kendi akamgeukia mzee.

"Mzee, baba yangu aliuza ng'ombe maisha yake yote. Na alikuwa anaimba kwaya."

"Namkumbuka," mzee akasema.

"Unamkumbuka akirudi nyumbani na nini begani?"

Mzee alitazama kamba, akatazama mbali kidogo, kama mtu anayeona barabara ya zamani. Mama Kendi akanirudia na kuanza kukata bei ya mlango, bila huruma hata kidogo. Nilipambana, lakini nilikuwa nimeutaja mwenyewe, kwa hiyo tulipambana juu ya bei yangu, kama ulivyosema. Bei ya mlango alikata. Ya kamba hakukata.

Mzee akavua kofia kwa mara ya pili. Aliombea injini, breki, maziwa na barabara za milimani. Kisha akasita, na macho yake yakiwa bado yamefumbwa akaongeza, "Na ile kamba pia, Bwana, wewe unaijua kazi yake." Kwa hiyo sasa kamba yako imeombewa, inanuka beberu, na huenda ndiyo pekee ya aina yake kutoka Embu mpaka Meru.

Baada ya lile nimeuza jingine. Si rahisi. Kuna gari liko hapa uani tangu mvua za mwisho na bado linakohoa, na Muriuki hunitazama kila ninapofungua mdomo mbele ya mteja kutaja kilema. Ninataja. Baba mkubwa siku hizi hupiga simu kuuliza kama kuna gari la bei ya familia. Nimemwambia bei ni ile ile, salamu ndizo za bure.

Nakukosa zaidi nikiwa nauliza lile swali. Baada ya kuuliza kuna kimya, na ndani ya kile kimya huwa nasikia kama uko karibu, umesimama nyuma yangu, unaangalia viatu vya mwenye gari. Nimejifunza kutoharakisha kimya hicho, na si kwa ajili ya bei tu.

Kesho nashuka Gachoka tena. Nimesikia kuna pikapu ya bluu, imekonda sana, mwenyewe anaitukana. Nitaenda na kamba begani. Nikipata, nitaifunga bampani watu wakiangalia, na siku ya kuuza nitaifungua watu wakiangalia. Nisipopata, nitapanda nayo Meru mikono mitupu, kama siku ile na beberu, na sitageuka.

Lala vizuri, Tata. Boma lina mtu.

Mimi,
mtoto wa kaka yako, uliyemwachia kamba