Panya Wangu Amepona

Baba Suad,

Chapati za gurusa ziko mezani, nimezifunika na tabaga. Mchuzi upashe moto mwenyewe. Paka nimempeleka kwa jirani, usimrudishe. Mtego pia nimeuficha. ~~Leo~~ Kuanzia leo hakuna panya atakayeuawa katika nyumba hii.

Ulipokuwa unakama ng'ombe, alikuja yule dresa wa hospitali aliyetutoa damu kabla ya Ramadhani, wakubwa wake walipokuwa wakitafuta ni nani hapa Kibra aliwahi kuugua homa ya manjano, ile inayoletwa na mbu. Kumbe huko hospitali kila mtu alipewa panya wake. Wanamdunga damu ya huyo mtu pamoja na ugonjwa wenyewe. Panya akifa, mwenye damu hakuwahi kuugua. Akipona, basi mtu aliugua zamani. Karibu wote wamekufa. Wa Mzee Mahdi alikufa siku ya tatu, na Mzee anapokea pole. Wangu yuko hai, anakula mahindi.

Umeelewa? Ile siku ya harusi ya dada yako, tulipokuwa Bombo na jeshi, nilikuwa naumwa kweli. Wewe ukasema nimejilaza kwa kiburi. Miaka kumi na tisa unalisema hilo, hata mbele ya wageni.

Nimeenda hospitali kumpelekea panya wangu karanga. Jioni dada yako awe hapa, mwite wewe mwenyewe.

Yule panya alipewa tone moja tu la damu yangu, akanitolea ushahidi. Wewe nimekuzalia watoto sita.

Mama Suad