Anayeinunua Timu Achukue na Majaruba

Mjukuu wangu Devota,

Vipi baridi ya huko? Sisi Usevya tu wazima, na mama yako ameshavuna mpunga. Unauliza kwa nini tajiri anayetaka kuinunua timu yenu ya hoki anaulalamikia mkataba wa kupanga uwanja. Mimi naona anataka kuihamisha.

Nilipokuwa msichana, timu yetu ya netiboli ilicheza kwenye shamba la mpunga la mzee mmoja, baada ya mavuno. Pango letu lilikuwa kumtengenezea majaruba, vile vitalu vya mpunga vyenye kingo za kuzuia maji, kabla ya mvua, kwa misimu mitatu. Msimu wa kwanza haujaisha, akaja mfanyabiashara na jezi mpya, atununue atupeleke Mpanda mjini. Wengine tukaanza kufunga mizigo. Kapteni wetu akamwambia, "Majaruba tumeahidi. Ukitununua sisi, na hayo ni yako."

Alinuna, lakini alitutaka kweli. Mvua zilipokaribia tulikuwa naye shambani, suruali ameikunja, anainua kingo kwa jembe. Timu ilibaki Usevya.

Basi nyie msikubali mkataba ufupishwe hata kidogo. Anayeipenda timu ataifuata hapo ilipo. Anayetaka kuondoka nayo, mwacheni aondoke peke yake.

Bibi yako,
ambaye jembe bado analishika